Tepa pini: dawa ya mashine zinazohama kila zikifunguliwa

MASHINE ya kusaga ikiharibika Mlalo au Mtae, wilayani Lushoto, hasara haiishii kwa mwenye mashine. Akina mama wenye madebe ya mahindi kichwani huteremka bonde na kupanda mlima wa pili kutafuta mashine nyingine, na huenda wasirudi tena kwa yule wa kwanza. Mteja wa unga hana mkataba na mtu.

Mara nyingi kilichokufa ni kitu kidogo tu, beringi. Fundi huitwa, hufungua, hutoa beringi mbovu, hutia mpya, hukaza bolti, mashine inawaka na watu wanashukuru. Baada ya wiki chache beringi ya upande uleule imekufa tena. Mwenye mashine hulilaumu duka kwa kumuuzia beringi feki, na fundi huunga mkono haraka, kwa kuwa lawama ikienda dukani haibaki karakana.

Beringi feki zipo na zimewatia wengi hasara. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haitajwi sana vijiweni: mashine ilipofungwa upya haikurudi pale ilipokuwa. Ilihama kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na kuhama huko ndiko kunakoimaliza beringi, kunakokula mkanda, na kunakolifanya benchi la kuchania mbao litoe mbao iliyoungua pembeni.

Dawa yake ni kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, chembamba upande mmoja kuliko mwingine, ambacho mafundi wa mitambo hukiita tepa pini. Si kitu kigeni viwandani. Wajerumani walipoanza kuchapisha viwango vyao vya taifa vya viwanda mwaka 1918, kiwango namba 1, kabla ya bolti, nati na kingine chochote, kilihusu tepa pini. Cha kushangaza ni kwamba katika karakana nyingi za nyuma ya nyumba kifaa hicho hakitumiki, wakati kinaweza kutengenezwa hapohapo.

Bolti hubana tu

Wengi huamini kwamba bolti zikikazwa vizuri, kila kitu kimekaa mahali pake. Si kweli. Kazi ya bolti ni kubana. Ili bolti ipite, tundu lake lazima liwe kubwa kuliko yenyewe. Bolti ya M10, yaani yenye unene wa milimita 10, kwa kawaida hupita kwenye tundu la milimita 11. Ya M12 hupita kwenye tundu la milimita 13 na nusu. Nafasi hiyo iliyobaki ndiyo inayoruhusu kipande kwenda huku na kule kabla ya kukazwa.

Chukua mfano wa nyumba ya beringi ya mashine ya kusaga, iliyofungwa kwa bolti mbili zilizoachana milimita 150. Ikiwa upande mmoja umesogea mbele nusu milimita na mwingine umerudi nyuma nusu milimita, nyumba ile imepinda kwa zaidi ya theluthi moja ya nyuzi. Kwa mtu anayetazama, imenyooka kabisa. Kwa beringi ya kawaida ya gololi iliyokamatwa bila kuruhusiwa kucheza, huo ni upindo mkubwa. Nyuzi moja ina dakika 60, na beringi za aina hiyo huvumilia upindo wa dakika 2 hadi 10 tu, kutegemea aina na mzigo. Hapa zimepewa zaidi ya 20.

Zipo beringi zinazojirekebisha zenyewe, ambazo gololi zake au nyumba yake huruhusu shafti kuinama kidogo. Hizo husamehe mengi, na ndiyo maana zinapendwa kwenye mashine za vijijini. Lakini hazisahihishi puli iliyokwenda upande wala mkanda unaotembea mshazari.

Hayo yote ni kwa matundu mapya. Mashine iliyofanya kazi miaka kumi, ikafunguliwa mara ishirini, na bolti zake zikatetemeka zikiwa zimelegea, ina matundu yaliyoliwa hadi kuwa kama yai. Wengine huyapanua kwa gesi pale bolti inapokataa kuingia. Hapo kuhama si nusu milimita tena, ni tatu au nne.

Kwenye benchi la mbao ni hatari

Lushoto ni wilaya ya mbao. Misitu ya kupandwa ya Shume na Magamba imelisha maseremala na wachanaji kwa miaka mingi, na benchi la msumeno wa mviringo ni mtaji wa familia nyingi. Kwenye benchi hili mashine iliyohama haiharibu beringi peke yake.

Shafti ya msumeno hukaa juu ya beringi mbili. Tuseme zimeachana milimita 400, na moja imesogea milimita 1 baada ya matengenezo. Msumeno wenye upana wa milimita 600 utakuwa umegeuka kiasi kwamba meno ya nyuma yamepishana na ya mbele kwa milimita 1 na nusu. Meno ya mbele yanakata njia, ya nyuma yanakwangua ukuta wa njia hiyo. Mbao inaanza kutoa moshi, msumeno unapata moto na kuyumba, injini inalemewa, na dizeli inakwisha kabla ya kazi. Mchanaji husema msumeno umekuwa butu, akaupeleka kunolewa, nao unarudi ukiwa mkali na tatizo likiwa palepale.

Baya zaidi ni meno ya nyuma kuikamata mbao na kuirusha kwa anayeisukuma. Ajali ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kukwepa. Kwa sababu hiyo peke yake, benchi la mbao ndilo lingestahili kutiwa pini kabla ya mashine nyingine yoyote kijijini.

Kama jembe na mpini wake

Mkulima wa Usambara anaijua kanuni ya tepa pini hata kama hajawahi kuiona. Jembe la kawaida lina msuka, ule mkia wa chuma unaopita kwenye tundu la mpini. Msuka ni mwembamba nchani na mnene karibu na bamba. Kila mkulima anapopiga ardhi, unazidi kuingia na kukaza. Hauna nati wala skrubu. Akitaka kuutoa, hugonga ncha kwa nyuma mara moja au mbili, nao unaachia.

Waendesha baiskeli wanaijua kwa jina jingine. Kota pini inayoshika mkono wa pedeli kwenye baiskeli za zamani kama Phoenix ni kabari ya namna hiyohiyo, na kila aliyewahi kuendesha yenye kota pini iliyolegea anajua miguu inavyosikia mchezo ule mdogo kila pedeli inapozunguka.

Tepa pini ni kabari ya mviringo. Katika kipimo cha metriki, unene wake hubadilika milimita 1 kwa kila milimita 50 za urefu. Pini ya namba 8 yenye urefu wa milimita 40 ina unene wa milimita 8 kwenye ncha nyembamba na 8.8 kwenye ncha nene. Mteremko huo ni mdogo kiasi kwamba pini ikigongwa hujishika yenyewe, haitoki kwa mtetemo wa kawaida. Papo hapo ni mkubwa kiasi kwamba kipigo kimoja kutoka chini huiachisha kabisa.

Pini ya unene mmoja, iliyonyooka, nayo hutumika viwandani, na ni nzuri kwa mwenye mashine za kupima hadi sehemu ya mia ya milimita. Kwa karakana ya nyumbani ina shida mbili. Tundu likizidi kidogo tu, pini inacheza na kazi imeharibika. Likipungua kidogo, haiingii. Tepa pini haina ugomvi huo: tundu likizidi, pini inashuka zaidi mpaka inakaza. Hata tundu likiliwa baada ya kufunguliwa mara nyingi, upanuko wa sehemu ya kumi ya milimita huishusha pini milimita 5 tu, kisha inashika kama mwanzo.

Kutoboa kabla ya kufungua

Milimani, mitambo imezoea kufunguliwa. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo mzigo ulipaswa kupanda mlima. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese ililazimika kujengewa njia ya kamba za chuma angani, kazi ya kiwanda cha Bleichert cha Leipzig, ili kuteremsha mierezi ya Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Leo kuna lami kutoka Mombo hadi Lushoto mjini kupitia Soni, ila vitongoji vingi bado viko mwisho wa njia ambazo mvua kubwa huziziba kwa maporomoko ya udongo. Mashine iliyonunuliwa Dar es Salaam au Arusha inaweza kufika ikiwa nzima hadi sokoni, kisha ikafunguliwa na kubebwa mabegani hadi itakapofanya kazi.

Hapo ndipo penye faida kubwa. Ikitiwa pini kabla ya kufunguliwa, itafungwa upya mlimani na kurudi pale ilipokuwa bila uzi, bila rula na bila kubahatisha. Vivyo hivyo kwa mashine iliyopo tayari: wakati wa kuitia pini ni ule inapofanya kazi vizuri, beringi hazipati moto na mkanda unakwenda sawa. Wengi hungoja mpaka iharibike, na wakati huo hakuna anayejua mahali pake pa haki palikuwa wapi.

Jambo moja halina budi kueleweka. Pini haisahihishi kosa. Inashika kile ilichokikuta. Mashine iliyopinda ikitiwa pini itapinda kwa uaminifu mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo nusu ya kazi, na pengine zaidi ya nusu, ni kuipanga kwanza.

Fundi makini huondoa mkanda, huzungusha shafti kwa mkono na kusikiliza. Inapaswa kuzunguka laini, bila mahali pazito na pepesi. Kisha hunyoosha uzi kwenye uso wa puli mbili na kuangalia kama unagusa pande zote nne. Pale panapohitajika, hupachika vipande vya bati jembamba chini ya nyumba ya beringi. Akisharidhika hukaza bolti zote, hurudisha mkanda, huiacha mashine ifanye kazi siku moja au mbili, halafu hukagua tena kabla ya kugusa drili.

Kazi yenyewe

Kila nyumba ya beringi hutiwa pini mbili. Moja haitoshi, kwani kipande kitazunguka juu yake kama mlango kwenye bawaba. Tatu ni kupoteza muda. Mbili hizo huachanishwa kadiri inavyowezekana, pembe kwa pembe, na inafaa umbali wa moja kutoka ukingoni usilingane na wa nyingine, ili mtu asiweze kukirudisha kipande kikiwa kimegeuzwa. Tundu lisiwe karibu mno na ukingo. Kuacha chuma cha unene wa pini mara moja na nusu kati ya tundu na ukingo ni tahadhari ya kutosha. Nyumba nyingine za beringi kutoka kiwandani huwa na vidoa vilivyoachwa kwenye nyayo zake kuonyesha mahali pa kutoboa pini, na watu huvipaka rangi bila kujua vilikuwa vya nini.

Tuseme unyayo wa nyumba una unene wa milimita 20, na fremu chini yake nayo milimita 20. Jumla ni 40. Fremu ya chaneli nyembamba haitoi unene huo, hivyo fundi huchomelea kipande cha bamba chini yake kwanza, kabla ya kuipanga mashine, ili pini ipate pa kushika. Kisha, bolti zikiwa zimekazwa, hutoboa kwa biti ya milimita 7.8 kupita vipande vyote viwili kwa pamoja. Kutoboa kimoja kimoja na kutumaini vitakutana ni kurudi kulekule. Baada ya hapo hupitisha biti ya milimita 8.2 hadi katikati tu, yaani kina cha milimita 20, ili kupunguza kazi inayofuata.

Kazi inayofuata ni ya rima, chombo chenye meno marefu na mteremko uleule wa pini, kinacholipanua tundu taratibu na kulilainisha. Rima huzungushwa kwa mkono, kwa mshikio kama ule wa tapi, na daima kuelekea upande mmoja. Kuirudisha nyuma huua makali yake. Kwenye chuma cha kawaida hupakwa mafuta. Kwenye kasti hufanya kazi kavu. Hutolewa mara kwa mara kusafisha unga wa chuma, maana rima iliyosongwa na unga huvunjika ndani ya tundu, na kuitoa ni adhabu.

Swali ni lini pa kuacha. Pini husafishwa na kutiwa kwa kidole. Ikisukumwa kwa mkono hadi imebaki milimita mbili hadi nne juu, inatosha. Nyundo ndogo itaimalizia. Kwa mteremko huu, kila milimita pini inayoshuka inasukuma kuta za tundu kwa sehemu mbili za mia za milimita. Anayeacha pini ikiwa imechomoza milimita kumi na kuipiga kwa nyundo ya kilo mbili atapasua unyayo wa kasti, na hapo hasara ni kubwa kuliko beringi kumi.

Kipimo kizuri cha kujua kama tundu na pini vinapatana hakihitaji pesa. Pini hupakwa masizi ya kibatari, huingizwa, huzungushwa robo mzunguko na kutolewa. Masizi yakifutika urefu mzima, kazi ni safi. Yakifutika juu tu au chini tu, pini inashika sehemu moja na italegea.

Tundu lazima litokee upande wa pili. Asiyeacha njia ya kugonga kutoka chini amejifungia mlango, labda awe na zile pini maalumu zenye uzi wa skrubu kichwani, ambazo huvutwa kwa nati au bolti. Kugongea chini hutumika panchi nyembamba kuliko ncha ya pini, kwa mfano wetu isiyozidi milimita 7. Asiyekumbuka upande upi ni wa juu huigonga pini kwa upande mnene na kuizidisha kukaza, kisha hulalamika kwamba pini hazitoki. Alama ya rangi kwenye kichwa humaliza ubishi huo.

Wakati wa kufunga upya, pini hutangulia. Huingizwa kwa kidole mpaka kipande kimekaa, bolti hukazwa, ndipo pini humaliziwa kwa nyundo. Kuanza na bolti na kuzilazimisha pini baadaye ni kuzipindisha bure.

Vipimo viwili, mteremko mmoja

Kuna mtego mmoja unaotokana na historia. Usambara ilikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, Waingereza wakaishika wakati wa vita na kukaa hadi uhuru wa 1961, na baadaye zikaja mashine za India na China. Chuma cha Wajerumani, Wahindi na Wachina kwa kawaida hufuata mteremko wa 1 kwa 50. Mashine kongwe za Kiingereza na za Kimarekani hufuata robo inchi kwa kila futi, ambayo ni 1 kwa 48. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Pini ya Kiingereza ikitiwa kwenye tundu la rima ya metriki itakaza upande mmoja tu. Masizi ya kibatari huifichua mara moja.

Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuukwepa mtego huo kabisa. Akitengeneza pini na rima yake mwenyewe kwa kuseti mashine mara moja bila kuigusa tena, vitapatana hata kama mteremko wake si 50 wala 48. Akitumia kibebea kisu kinachogeuzwa, hukigeuza dakika 34 za nyuzi. Akikereza kati ya ncha mbili, huisogeza ncha ya nyuma milimita 1 kwa kila milimita 100 za urefu wa chuma, na hapo vyuma vyote lazima viwe na urefu sawa, la sivyo mteremko hubadilika.

Rima ya nyumbani si lazima iwe na meno mengi. Chuma cha silva stili kilichokerezwa kwa mteremko huo hukwanguliwa upande mmoja mpaka kibaki nusu na kitu kidogo zaidi, kama gogo lililopasuliwa katikati. Kisha hutiwa moto hadi kiwe chekundu, hutumbukizwa majini, husuguliwa king'ae na kupashwa tena polepole mpaka rangi ya majani makavu itokeze, halafu hupozwa. Wanaotumia chuma cha springi ya gari hukipoza kwenye mafuta badala ya maji, maana maji hukipasua. Makali hufutwa kwa jiwe la mafuta. Rima ya namna hii hukata polepole, lakini hukata sawa.

Pini zenyewe ni za chuma cha kawaida, si kigumu sana. Kukata kipande cha nondo au kugongea msumari wa inchi nne badala yake, kama inavyoonekana huku na kule, si kutia pini. Asiye na mashine ya kukereza anaweza kuzitafuta kwa wauza vipuri wa Tanga mjini au Gerezani jijini Dar es Salaam, akiwa na unene na urefu alioandika. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Tanga, na VETA ina chuo huko. Hizo ni sehemu za kwenda kuulizia mkerezaji.

Kuchomelea ni deni

Fundi wengi wakisikia mashine inahama wana jibu moja: kuchomelea. Nyumba ya beringi huunganishwa na fremu kwa moto wa welding, na kweli haihami tena. Mwenye mashine hufurahi kwa kuwa kazi ni ya nusu saa na bei ni ndogo.

Deni hulipwa baadaye. Moto huivuta fremu, na mashine iliyokuwa imenyooka kabla ya kuchomelewa inaweza isiwe imenyooka baada ya kupoa. Kasti iliyochomelewa bila kupashwa moto taratibu kabla, na bila kuachwa ipoe polepole, hupasuka kando ya kovu. Na siku beringi itakapokufa, maana beringi zote hufa, itabidi nyumba ikatwe kwa gesi au grainda. Ikishakatwa hakuna tena unyayo wa kuaminika, na mtu hununua nyumba mpya aliyodhani anaiokoa.

Ni haki kusema kwamba fundi anayechomelea naye ana hoja. Kutia pini nne kwa uangalifu kunaweza kuchukua nusu siku, biti huvunjika, na wateja wengi hawataki kulipia kitu wasichokiona. Mwenye mashine anayebishania gharama ya tepa pini, halafu ananunua beringi mpya kila baada ya mwezi, hamtendei haki fundi wake. Hesabu ni yake mwenyewe kuifanya: ni madebe mangapi yasiyosagwa kwa siku ambayo mashine imesimama, na ni siku ngapi katika mwaka.

Si kila kitu hutiwa pini. Mota au injini inayoendesha kwa mkanda huachwa huru kwenye reli zake, kwa sababu lazima ivutwe nyuma kila mkanda unapolegea. Akiitia pini, mtu atashindwa kukaza mkanda na ataishia kuichomoa. Lakini mota iliyounganishwa na pampu moja kwa moja kwa kapling, kama zile za kumwagilia kabichi na nyanya kwenye mabonde ya Lukozi na Malindi, ni jambo jingine. Hapo hakuna mkanda wa kusamehe, mota na pampu hukaa kwenye fremu moja, na wakulima wengi huzifungua kila msimu kuzirudisha nyumbani zisiibiwe. Pini mbili chini ya mota na mbili chini ya pampu, zikiwa na kichwa kilichopakwa rangi na zikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na bolti zake, humwezesha kijana wa shamba kuifunga mashine asubuhi bila kumngoja fundi apande kutoka mjini.